Magoma ya Sura

Mkulima wa kahawa wa Mbinga haelezwi magoma ni nini. Miezi ya mwanzo wa mwaka, mahindi ya akiba yakiwa yamefika chini na shule zimefunguliwa, mwenye fedha hupita nyumbani na noti mkononi, au na mfuko wa mbolea, na kahawa inauzwa ikiwa bado kijani juu ya mti. Bei anaipanga yeye. Msimu ukifika, magunia yanashuka kutoka Maguu na Litembo kwenda kwa mtu aliyeyalipia sehemu ndogo ya thamani yake, na mwenye shamba anabaki na deni la mwaka unaofuata. Kagera wanaiita butura. Serikali imeipiga marufuku, vyama vya msingi vimepewa kazi ya kukusanya kahawa, stakabadhi ghalani imeletwa, na sababu ya yote hayo ni moja: aliyeuza akiwa na njaa hakuuza kama mtu huru, na karatasi aliyotia dole gumba haistahili heshima ile ile ya mkataba wa watu wawili waliokaa mezani wakiwa wameshiba. Nataka kuipeleka hoja hiyo mahali ambapo wengi hawatapenda ifike. Nataka kuipeleka kwa mwanamke aliyewahi kuonekana katika filamu za ngono, kisha akaamua kuishi maisha mengine, hata kama maisha hayo ni ya kushika kamera yeye mwenyewe.

Nianze kwa kusema ninachokiacha kando. Sitetei filamu hizo, na siombi ziruhusiwe. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inamtishia anayesambaza ponografia kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka saba, na sina ugomvi na kusudi lake. Dai langu liko pembeni ya hapo. Nasema kwamba sura ya mtu haifai kuuzwa jumla, moja kwa moja na milele, kwa malipo ya mchana mmoja. Na kwamba aliyeiuza hivyo asifungiwe mlango wa kazi ya pili. Kwa sasa tunafanya kinyume. Tunamkaba anayeonekana kwenye picha, na anayeimiliki picha tunampita barabarani tukimwamkia shikamoo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Linda Boreman, Mmarekani aliyebatizwa jina la kamera la Linda Lovelace. Filamu yake ya 1972, Deep Throat, inasemekana iligharimu dola 25,000 hivi kuitengeneza, ikajaza majumba ya sinema kwa miaka, na mapato yake yanabishaniwa hadi leo kwa sababu waliokusanya fedha hawakuwa watu wa kuandika hesabu. Malipo ya Linda yalikuwa dola 1,250. Kwa maelezo yake, hata hizo alizichukua mumewe, Chuck Traynor. Mwaka 1980 alitoa kitabu akieleza kuwa alipigwa na kulazimishwa, na 1986 alisimama mbele ya tume ya serikali ya Marekani iliyochunguza ponografia na kurudia maneno hayo. Wapo waliomwamini na wapo waliomkejeli. Hakuna aliyeweza kumrudishia picha zake. Alikufa 2002 kwa ajali ya gari Colorado, na filamu iliendelea kuuzwa kana kwamba hakuwahi kufungua mdomo. Ukiitazama kwa macho ya mtu wa Mbinga, ni magoma tupu: mwenye mti hana sauti juu ya gunia, na gunia linauzwa mara elfu.

Mwenzake mmoja wa nyakati zile zile alichukua njia nyingine. Candice Vadala alizaliwa New York mwaka 1950, akasomea sanaa, akahamia San Francisco na kuimba na vikundi vya jukwaani ambavyo havikuwa na fedha. Kutafuta pesa ya kuishi kulimpeleka kwanza kukaa kama kielelezo cha wachoraji, kisha katika filamu za ngono, ambako alijiita Candida Royalle na kuonekana katika filamu zipatazo 25 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983, pamoja na wanawake wengine wa kazi ile, wakiwemo Annie Sprinkle na Veronica Hart, walianza kukutana nyumbani kwa mmoja wao kusikilizana: nani anakunywa kupita kiasi, nani ndoa imemshinda, nani anataka kuacha na hajui aende wapi. Watu wa vikoba wataitambua hali hiyo haraka, ingawa hapa mfuko ulikuwa wa maneno. Mwaka uliofuata Royalle alifungua kampuni yake, Femme Productions, akawa mwandishi, mwongozaji na mwenye mali.

Kilichobadilika alipohamia nyuma ya kamera ndicho kinachonivuta. Hakuhubiri tu, alibadili taratibu za kazi. Alitaka kisa chenye mwanzo na mwisho, na watu wanaozungumza kabla ya kugusana. Alizikataa baadhi ya picha ambazo soko lilizichukulia kuwa sharti, kwa sababu alijua anayepigwa picha hizo anajisikiaje. Mara nyingine aliwachukua watu waliokuwa wapenzi kweli, ili asiwepo anayeshikwa na asiyemtaka. Ukimwi ulipoingia, miaka ambayo watayarishaji wengi waliona kondomu inaharibu biashara, yeye aliiweka ndani ya filamu zake. Aliwalenga wanawake na wenza wanaotazama nyumbani, na kanda za video zilipoenea sebuleni akawa na wateja ambao wanaume wa soko lile walidai hawapo. Maamuzi ya namna hiyo hayatoki kwa mtu asiyewahi kusimama mbele ya taa. Fundi aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi ndiye anayekagua kamba kabla ya kumpandisha kibarua.

Hata hivyo sitaki kumpaka rangi ya dhahabu. Royalle aliwahi kuzama katika dawa za kulevya, fedha zilimpiga chenga mara nyingi, na kampuni yake haikuwahi kulishinda soko aliloliasi. Aliweka shajara tangu ujanani, na alipofariki kwa saratani Septemba 2015 akiwa na miaka 64, karatasi zake zilikwenda maktaba ya Schlesinger katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanahistoria Jane Kamensky alizipitia na kuchapisha wasifu wake 2024, na kinachoonekana humo ni maisha ya mtu aliyepata haki nusu na kulipa gharama kamili. Lakini tazama tofauti. Maneno ya Linda kuhusu filamu yake yalibaki malalamiko ya mtu asiye na hati. Maneno ya Royalle kuhusu kazi yake ni kumbukumbu, zimepangwa kwenye makasha, na msomi akitaka kuandika lazima apite kwake. Kumiliki ndiko kulikomfikisha hapo.

Pingamizi la kwanza ni zito na linatoka kwa wanawake wenyewe. Andrea Dworkin na Catharine MacKinnon, waliopigana na ponografia Marekani katika miaka ya 1980, walishikilia kwamba madhara yamo ndani ya biashara yenyewe, kwa hiyo kumbadilisha mwenye duka hakubadilishi sumu iliyo rafuni. Kuna ukweli hapo, na upo ukweli mchungu zaidi ambao hawakuhitaji hata kuusema: wapo waliotoka mbele ya kamera wakawa mawakala wa kuwaleta wasichana wapya, wakitumia kule kufahamu kwao kuwalainisha. Mkulima aliyeumizwa na magoma mwaka jana anaweza kuwa mlanguzi mwaka huu. Mbinga hilo halimshangazi mtu. Ndiyo maana siegemei wema wa mtu aliyepanda cheo. Naegemea mkataba. Kama haki ya kujitoa, haki ya kukagua na haki ya kusitisha zimeandikwa, basi hata mlanguzi aliyewahi kuwa mkulima atabanwa nazo. Bila maandishi hayo, tutakuwa tunangoja akina Royalle wazaliwe, na hawazaliwi wengi.

Pingamizi la pili ni la mwanasheria: mtu mzima alisaini, mkataba ni mkataba. Hapa kuna kesi inayostahili kusomwa taratibu. San Diego, Marekani, kampuni iliyojiita GirlsDoPorn iliwavuta wasichana kwa matangazo ya kazi ya uanamitindo. Walipofika hotelini walikuta kazi nyingine, na karatasi ndefu zinazotakiwa kusainiwa haraka. Waliambiwa video zitauzwa kwa DVD nje ya nchi, kwa wateja wachache, na hazitaonekana kamwe mtandaoni. Baadhi yao walizungumza kwa simu na wanawake waliojifanya wamewahi kufanya kazi hiyo bila tatizo lolote, kumbe walilipwa kusema hivyo. Video zikawekwa mtandaoni, zikafika kwa wazazi, vyuoni na makazini. Januari 2020 mahakama iliwapa wanawake 22 fidia ya karibu dola milioni 13. Lakini fedha si sehemu kubwa ya hukumu ile. Jaji aliamuru pia haki za video zile ziwe mali ya wanawake wenyewe, na zishushwe. Saini zilikuwepo, mahakama ikaona zilipatikana kwa hadaa. Kwa mara moja gunia likarudi kwa mwenye mti.

Japani ilikwenda mbali zaidi, bila kungoja kesi moja moja. Sheria yake ya Juni 2022 kuhusu filamu za watu wazima inataka mwezi mzima upite kati ya kusaini na kupiga picha, miezi minne kati ya kupiga picha na kuuza, na inampa mwigizaji mwaka mmoja baada ya filamu kutoka kuuvunja mkataba bila kueleza sababu, na usambazaji usimame. Wapo waigizaji waliolalamika kwamba kazi zimepungua na kipato kimeyumba, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Kila kinga ina anayeilipia. Hata hivyo ule mwezi wa kusubiri una akili ndani yake. Sheria inakiri kwamba mtu anaweza kusema ndiyo leo kwa sababu ya kodi ya nyumba, na akasema hapana wiki ya tatu kodi ikiwa imelipwa, na kwamba ile hapana ndiyo sauti yake.

Msomaji wa Mbamba Bay anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, kwa kuwa kwetu hakuna kampuni za filamu za ngono. Hakuna, kweli. Kuna koneksheni, yaani video za chumbani zinazovuja na kurushwa simu kwa simu. Katika kibanda cha kuingizia nyimbo karibu na stendi yoyote ya mji mdogo, kijana huchomoa memori kadi kwenye simu ya kitochi, huichomeka kwenye kompyuta, na kuburuta mafolda: singeli, taarabu, filamu za Kihindi zilizotafsiriwa, za Kinigeria, na folda moja isiyo na jina ambayo mteja huiulizia kwa sauti ya chini. Yaliyomo humo siku hizi hayatoki Marekani peke yake. Mengine yamerekodiwa Dar es Salaam, Mbeya, Songea, kwa simu, na mara nyingi anayeonekana hakujua kama yatatoka chumbani. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi ziwani imerahisisha usafiri wa dagaa na wa wageni. Intaneti haikuhitaji hata lami. Na utaratibu wetu ni ule ule: msichana anahamishwa shule au anapelekwa kwa shangazi, mvulana aliyeshika simu anaendelea na bodaboda yake, na mwenye kibanda anaendelea kutoza kwa kila gigabaiti.

Kwenye filamu halali nako magoma yapo. Bongo Movie ilipokuwa juu, wengi wa waliotengeneza filamu waliziuza jumla kwa wasambazaji wa Dar es Salaam, haki zote kwa mkupuo mmoja, na filamu ikiuzwa miaka kumi hawadai senti. Waigizaji kadhaa wakaanzisha kampuni zao kwa sababu hiyo hiyo, wakakimbilia nyuma ya kamera ili angalau wauze wakiwa wenye mali. Kisha kukawa na lile la Oktoba 2018. Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006, mwigizaji na pia mtayarishaji wa filamu, alifungiwa na Bodi ya Filamu kujihusisha na filamu kwa muda usiojulikana baada ya video yake ya faragha kusambaa, na akafikishwa mahakama ya Kisutu, ambako alikana shtaka. Baadaye alirudi kazini. Video ile haikuwa filamu ya ngono na mwenyewe si mwigizaji wa filamu hizo, na ndiyo sababu naitaja: adhabu haikugusa video peke yake, iligusa kazi zote, za mbele na za nyuma ya kamera. Kama lengo ni kulinda maadili, kumzuia mtu kuandika skripti na kuongoza waigizaji waliovaa nguo zao kunalinda nini? Na kama kosa liko kwenye picha, basi adhabu iishie kwenye picha.

Pingamizi la tatu ni la kanisani, na Mbinga hulipuuzi, kwani hili ni jimbo la Wakatoliki, na ufukweni Liuli Waanglikana wana mizizi ya zaidi ya karne. Mtu atasema: dhambi hii ni ya hadharani, na aliyejianika hadharani asitarajie kufichwa. Namjibu kwa historia ya Ukristo wenyewe. Katika Dola ya Rumi mwanamke wa jukwaani alihesabiwa karibu sawa na kahaba, na sheria ilimfunga humo. Katika karne ya 6, Kaisari Justin alitunga sheria iliyomruhusu aliyeiacha kazi hiyo kuolewa kihalali hata na mtu wa cheo, na sheria yenyewe ilieleza kwamba inaiga huruma ya Mungu. Ilimfaa mpwa wake, Justinian, aliyetaka kumwoa Theodora aliyewahi kuwa wa jukwaani, siasa haikosekani. Lakini mwaka 537 Justinian akaongeza sheria ambayo haikumpa yeye faida yoyote: mtu yeyote aliyemchukulia mwanamke wa jukwaani kiapo au dhamana kwamba hataacha kazi, kiapo hicho ni batili, na anayekidai ataadhibiwa. Miaka karibu 1,500 kabla ya Japani, watu wa Biblia walikwisha kuona kwamba ubaya mkubwa umo katika kamba inayomzuia mtu kutoka. Na tusisahau Maria Magdalena, aliyeitwa kahaba tangu hotuba ya Papa Gregori wa Kwanza mwaka 591 bila mstari wa Injili unaosema hivyo; ililichukua Kanisa hadi 2016 kuipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 iwe sikukuu sawa na za Mitume. Karne kumi na nne ni muda mrefu wa kubeba picha uliyopigwa na mwingine.

Kuna kizuizi kimoja cha kisheria ambacho hakisemwi sana. Mkataba wa Roma wa 1961, ambao ndio mama wa haki za wasanii wanaotumbuiza, una kifungu cha 19 kinachosema kwamba msanii akishakubali kurekodiwa katika picha jongefu, kinga zake za msingi chini ya mkataba huo zinakoma. Mwimbaji anabaki na kitu, mwigizaji haambulii. Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika Aprili 2020, ulikuja kuziba pengo hilo, ukimpa mwigizaji haki juu ya kurekodiwa kwake na haki ya kupinga kuharibiwa kwa kazi yake. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, COSOTA ipo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu nafasi ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa namna inayomletea madhara. Sura ya mtu ni taarifa binafsi kuliko namba ya simu. Zana zipo, ila zimekaa Dodoma na Dar es Salaam, zimeandikwa kwa lugha ya ofisini, na binti wa Lituhi anayeombwa na mpiga video wa harusi aigize katika “filamu ndogo” hajawahi kuziona.

Kwa hiyo ombi langu ni la karatasi moja. Bodi ya Filamu na COSOTA waandae mkataba wa mfano, wa Kiswahili chepesi, wenye vipengele vitatu ambavyo hakuna mtayarishaji atakayeruhusiwa kuvifuta: siku za kusubiri kati ya kusaini na kurekodi, ukomo wa miaka ya kumiliki sura ya mtu, na haki ya kudai picha ishushwe. Usambazwe kwa maofisa utamaduni wa halmashauri zote, Mbinga na Nyasa zikiwemo, ubandikwe penye mbao za matangazo za kata, na dawati la jinsia la polisi lifundishwe kuanza upelelezi wa koneksheni kwa swali la nani alirekodi na nani analipwa. Ukiletewa video ya aina hiyo wiki hii, usiirushe, mtafute aliyeitoa.